Dua ya Kuomba Mume Mwongo

Wanawake wa Prilep, mji wetu wa tumbaku huku Makedonia, huomba mengi kanisani. Huomba mvua inyeshe kabla jani la tumbaku halijaiva na isinyeshe likishaiva, huomba mnunuzi wa mwaka huu awe na mafua asinuse sana, huomba mkwe apunguze mdomo. Lakini hakuna aliyewahi kumsikia mwanamke akisimama mbele ya picha ya Mtakatifu Nikola na kumsihi, kwa machozi, kwamba mume wake awe mwongo. Menka alisihi hivyo. Aliomba Jumapili, akaona haitoshi, akarudi Jumatano na mshumaa mnene wa kuwashwa harusini.

Mambo yalianza na simu. Ilikuwa mwisho wa Agosti, asubuhi, na Menka na mumewe Spase walikuwa wamekaa uani chini ya mzabibu, kila mmoja na sindano yake ndefu, wakitunga majani ya tumbaku kwenye uzi. Kazi hiyo huacha utomvu mweusi vidoleni, usiotoka hata kwa sabuni ya kufulia, kwa hiyo simu ilipolia juu ya meza Menka aliinama akaipokea kwa ncha ya pua, na kwa pua hiyo hiyo akabonyeza kipaza sauti. Ndiyo maana habari ile waliisikia wote wawili, na jogoo naye akaisikia.

Aliyepiga alikuwa Daktari Zorica wa hospitali ya Skopje, mji mkuu, binti mpole mwenye miwani, ambaye alikuwa akimfuatilia Spase tangu walipomkata kipande cha pafu la kushoto chenye saratani majira ya baridi ya mwaka juzi.

"Mzee Spase, nakuuliza kama binti yako," alisema daktari. "Unavuta?"

"Mimi?"

"Wewe."

"Tangu waliponipasua, hata moja."

"Mzee, hakuna atakayekugombeza."

"Huyu mke wangu yupo hapa, daktari. Usiahidi usichokiweza."

Kisha Spase akaunyanyua mkate uliokuwa mezani, vidole vyeusi na vyote, akausogeza karibu na simu kana kwamba Skopje wangeuona. "Naapa kwa mkate huu," akasema, "sivuti."

Hapo mjadala ulipaswa kuisha. Kwetu mtu anaweza kuapa kwa Mungu huku akipunja mizani, anaweza kuapa kwa macho yake mawili na kesho yake ukamkuta anaona vizuri tu. Kwa mkate haapi ovyo, maana mkate ndio atakaokula jioni, nao una njia zake za kumkaba mtu kooni. Menka alimwamini.

"Basi hapo ndipo wasiwasi wangu unapoongezeka," alisema daktari. "Ungeniambia unavuta, ningelala."

Akawaeleza tena, polepole, jambo alilokuwa amewaeleza tangu mwanzo. Ndani ya seli nyeupe za damu kuna jeni maelfu, na si zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Nyingi zimelala. Moshi wa tumbaku ukiingia mwilini, kuna jeni zinazoamka. Saratani ikianza kujijenga upya, kuna nyingine zinazoamka, na mara nyingine huamka mapema, kabla picha ya kifua haijaonyesha kitu. Yeye na wenzake walikuwa wakichukua damu ya watu kama Spase kila baada ya miezi mitatu na kupima zipi ziko macho. Tatizo ni kwamba katikati kuna kundi linaloamshwa na vyote viwili, moshi au maradhi, na kundi hilo katika damu ya Spase lilikuwa limefumbua macho.

"Kwa hiyo ni moja kati ya mawili," alisema Menka.

"Ndiyo, mama. Ama mzee anatudanganya, ama..." Daktari hakumalizia, na hakuna aliyemwomba amalizie.

Na ndiyo maana yule mwanamke alikwenda kanisani akaomba apewe mume mwongo. Alikuwa ameishi na mwanamume mkweli miaka yote hiyo, akamchoka kwa ukweli wake wa kumwambia kila kitoweo kilichozidi chumvi, na sasa alikuwa radhi kumbadilisha, mradi abaki naye.

Inafaa ijulikane kwamba Menka mwenyewe naye alikuwa ndani ya utafiti ule. Daktari Zorica alihitaji damu ya mtu asiyewahi kuvuta maishani. "Mnakula sufuria moja," alimwambia siku ya kwanza, "mnalala chumba kimoja, mnapaliwa na vumbi lile lile la majani. Mnachotofautiana ni moshi tu. Damu yako ndiyo rula yetu, mama. Ya mzee tunaipima kwako." Tangu siku hiyo mtaa haukupumzika. Buchani, kwenye foleni ya maziwa, hata katika msiba wa mke wa fundi viatu, Menka alipata nafasi ya kutaja kwamba yeye ni rula ya sayansi. Spase naye alikuwa na jibu lake. "Nimeoa rula," aliwaambia wazee wenzake. "Ndiyo maana kila siku nachapwa."

Alipokuwa akirudi kutoka kanisani, Menka alipita njia ya mbali ili asipite makaburini. Huko alilala kaka yake, Done.

Done alikuwa kaka yake mkubwa na rafiki wa Spase tangu walipokuwa wakiiba matikiti maji pamoja. Wanaume wale wawili walilima tumbaku mashamba yanayopakana, wakaivuna pamoja, na iliyobaki baada ya kuuza wakaivuta pamoja. Done alikohoa mwaka mzima. Menka alimsihi aende hospitali, akapiga kelele, akalia, akamfichia kofia. Done akacheka. "Kikohozi cha mvutaji ni mbwa wa nyumbani," alisema, "kinabweka tu, hakiumi." Mficha maradhi kifo humuumbua, na kilimuumbua Done kabla Spase mwenyewe hajapata hata dalili. Menka hakumsamehe. Kwetu, siku za kuwakumbuka wafu, kila nyumba huenda makaburini na ngano ya kuchemsha, divai na mishumaa, na kama marehemu alikuwa mvutaji humchomekea udongoni, karibu na msalaba, sigara inayowaka, avute pole pole na wenzake. Menka alimpelekea Done ngano. Alimpelekea divai, na pilipili za kuchoma alizozipenda. Sigara hapana.

"Iliyomuua haitamfuata mpaka humu," alisema mbele ya ukoo mzima, akamtazama Spase. Spase akatazama viatu vyake.

Sasa basi, baada ya ile simu, Menka alianza upelelezi. Alianza kwa kumnusa mumewe, akagundua kwamba ni kazi bure. Nyumba nzima ilinuka tumbaku. Mito ilinuka tumbaku, paka alinuka tumbaku, na yeye mwenyewe, rula ya sayansi, alinuka kama ghala. Alipekua mifuko ya makoti akakuta mbegu za maboga na jino bandia alilokuwa Spase akilitafuta tangu Pasaka. Akaomba ushauri kwa Trena, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke anayejua kila mtu amekula nini.

"Mwangalie masharubu," alisema Trena. "Anayevuta, masharubu yake huwa ya manjano."

"Ya Spase ni ya manjano tangu harusi yetu."

"Mwangalie anavyopanda ngazi."

"Ana pafu moja na nusu, Trena! Unataka apande akiimba?"

"Basi mtegee," alisema Trena. "Panya hutegwa kwa jibini."

Menka akanunua pakiti ya sigara, aina ile ile aliyoivuta Spase ujanani, akaiweka mezani kando ya kikombe chake cha kahawa, akaifungua kabisa, akavuta moja nje kidogo ili isiwe na taabu kushikika. Kisha akajificha nyuma ya mlango wa jikoni na kuchungulia kwenye upenyo. Iba, mume wangu, alisema moyoni. Iba hata moja. Spase akaja, akaketi, akanywa kahawa yake. Akaitazama pakiti. Akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka upande wa pili wa meza, akaita kwa sauti:

"Menka! Umeanza kuvuta uzeeni?"

Alilia jikoni, sura ndani ya aproni, asisikike. Mwanamume amewekewa sigara mbele ya kahawa na asiiguse! Hakuna mvutaji duniani anayeweza hilo. Kwa hiyo alikuwa mkweli, na kama alikuwa mkweli, basi ule ugonjwa ulikuwa umerudi na ulikuwa ukitembea ndani yake. Jioni hiyo alimtazama akila maharage ya tanuri, akipangusa sahani kwa ganda la mkate kama kawaida, akilalamika chumvi kama kawaida. Alimpenda mzee yule. Hakuwa amemwambia hivyo tangu zamani, kwa kuwa kwetu mambo hayo husemwa mara moja na kueleweka, lakini alimpenda na hakujua angeamka vipi asubuhi katika nyumba isiyo na wa kumlalamikia.

Septemba ikaingia. Kama alivyofanya kiangazi chote, kila alasiri Spase alivaa kofia na kwenda matembezini, kama daktari alivyomwagiza kwa ajili ya mapafu yake. Mtu huyu hakuwahi kumtii yeyote, si baba yake, si kapteni wake jeshini, lakini matembezi aliyatii, jua liwake au mvua inyeshe. Menka alijivunia sana. Mpaka siku Trena alipoegemea ukuta na kusema:

"Mumeo siku hizi mcha Mungu, mwenzangu. Kila siku namwona akielekea makaburini."

Mwanamume mgonjwa, kila siku makaburini! Alijua alichokuwa akifanya kule. Alikuwa akijichagulia mahali. Alikuwa akipima kivuli, akiangalia majirani atakaolala nao, na hakutaka kumwambia mkewe.

Siku iliyofuata alimfuata. Alifunga kitambaa kichwani mpaka machoni kama mwizi wa kuku, akawa anatembea karibu na kuta, na kila aliyekutana naye njiani alimsalimu kwa jina. Spase hakugeuka. Alipanda kilima taratibu, akapumzika mara mbili, akaingia lango la makaburi, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kaburi la Done. Menka alijibanza nyuma ya jiwe la marumaru la mnunuzi mmoja wa tumbaku, tajiri aliyewapunja watu vya kutosha kuweza kununua jiwe la ukubwa ule.

Akamwona mumewe akiinama nyuma ya msalaba na kutoa kopo la bati, kopo la zamani la Done. Ndani ya kopo mlikuwa na pakiti. Spase akatoa sigara moja, akaitia mdomoni, akaiwasha, akavuta. Alivuta mpaka mashavu yakaingia ndani. Akapumua moshi taratibu, akachomeka sigara udongoni.

"Haya, shemeji," akasema. "Yako hiyo."

Akaketi kwenye jiwe. "Dada yako kaniwekea pakiti mezani," akaendelea kulieleza kaburi. "Ananiona mimi panya. Nusura nicheke." Upepo ukavuma, sigara ikafifia. "Umeizima tena? Done, Done, hata kuvuta umesahau." Akaichomoa, akaifuta udongo, akaiwasha upya, akavuta mara tatu kwa nguvu, akairudisha.

Menka alitoka nyuma ya marumaru akiwa analia na kucheka kwa pamoja. Alimfikia kabla hajasimama, akampiga kwa mkoba begani, akambusu kwenye kofia, akampiga tena.

"Mwongo! Mwongo wangu! Asante, Mtakatifu Nikola, ni mwongo!"

"Nani mwongo?" Spase alijikinga kwa mkono. "Niliapa sivuti, na sivuti. Hii ni ya Done."

"Na moshi unaingia kwa nani? Kwa Done?"

"Mimi namwashia tu. Sigara haiwaki bila kuvutwa, hata mtoto anajua."

"Na ikizimika?"

"Namwashia tena. Unataka akae na sigara iliyozimika mdomoni? Upepo wa kilima hiki unaujua mwenyewe."

"Na kwa siku Done anavuta ngapi?"

Spase aliutazama msalaba kana kwamba anaomba ruhusa ya mwenyewe. "Tangu afe," alisema, "amepunguza."

Menka akaketi kwenye jiwe, pumzi zimemwishia. Spase akaketi kando yake. Walikaa hivyo mpaka sigara ikawa majivu.

"Siku ile ya wafu ya mwezi wa sita, ulipokataa tena," alisema Spase baadaye, na sasa hakuwa anatania, "makaburi yote yalikuwa na moshi. La mwalimu, la fundi saa, hata la yule marumaru mwizi. Done peke yake alikuwa na pilipili. Nikaona ananitazama, Menka. Rafiki yangu, na hana wa kumwashia. Sikuwahi kuiona kama kuvuta. Naapa kwa..."

"Usiuguse mkate," alisema Menka. "Mkate umechoka."

Alimlazimisha ampigie daktari mwenyewe, pale pale, mbele ya Done awe shahidi. Daktari Zorica alisikiliza mpaka mwisho. Kisha kukawa na sauti kama ya mtu aliyefunika mdomo kwa kiganja.

"Mzee Spase," alisema aliporudi, "nimesoma miaka mingi, na hakuna kitabu kilichoniambia nimuulize mgonjwa kama anawavutia marehemu. Kuanzia kesho nitakuwa nauliza." Halafu akawa daktari tena. "Lakini msishangilie bado. Huenda moshi ndio ulioamsha zote. Huenda pia umeficha kitu nyuma yake. Sitajua mpaka moshi uondoke. Uache kabisa, mzee, wako na wa marehemu. Mwaka mpya ukipita tutachukua damu, yako na ya mama."

Kwa hiyo Menka alipata nusu ya alichokiomba, na nusu nyingine ikabaki ikimning'inia kichwani majira yote ya kupukutika majani. Spase alishika neno lake. Alasiri alitembea upande wa stesheni ya treni, mbali na makaburi, na kurudi na sura ya mtoto aliyenyimwa sikukuu. Saa ile aliyozoea kwenda kwa Done alikuwa akisimama dirishani akitazama kilima, na Menka akijifanya hamwoni.

Novemba ikaja tena siku ya wafu. Menka alimwambia Spase abaki nyumbani afunge marobota ya tumbaku, akaenda peke yake na ngano na divai. Makaburi yalijaa watu. Kila mahali mishumaa, kila mahali wanawake wakigawiana mikate, na kila penye mvutaji uzi mwembamba wa moshi ukipanda. Menka akaweka ngano kwa Done. Akamimina divai. Akapanga pilipili. Akageuka aondoke, akashindwa.

Alikuwa na hasira na kaka yake kwa muda mrefu mno, hata alikuwa amesahau kwamba chini yake kulikuwa na kitu kingine. Alikumbuka jinsi alivyombeba mabegani kumvusha mto ili viatu vyake vipya visilowe. Alikumbuka kofia aliyomfichia. Kwa nini hukunisikiliza, alimwambia, kwa nini, mjinga wewe, ningekuwa na wewe mpaka leo. Alilia vizuri, kwa sauti, kama alivyopaswa kulia siku ya mazishi. Kisha akapapasa nyuma ya msalaba, akatoa kopo.

Hakuwahi kuweka sigara mdomoni maishani. Aliiweka kinyume kwanza. Alipoigeuza na kuiwasha, upepo ukaizima, akaiwasha tena, akavuta, na kikohozi kikamtikisa mpaka mama mmoja wa kaburi la pili akamletea maji. Lakini iliwaka. Akaichomeka udongoni. Moshi ukapanda, na Menka alihisi kwamba kwa mara ya kwanza tangu mazishi wameketi pamoja.

Angeishia hapo, hadithi ingekuwa fupi. Lakini kesho yake alimwona Spase dirishani, akaona huruma, akavaa koti. "Nakwenda dukani," alisema. Siku iliyofuata dukani tena. Desemba yote Menka alikwenda dukani, akarudi bila chumvi, bila sukari, na Spase hakuuliza, kwa kuwa mtu aliyekamatwa hivi karibuni hana ujasiri wa kuuliza wengine.

Baada ya sikukuu walipanda basi kwenda Skopje. Muuguzi alijaza chupa mbili, ya kila mmoja, chupa zile zenye maji maalumu ndani yake, akazipindua taratibu juu chini na kuziweka kwenye barafu. Halafu wakarudi nyumbani kusubiri. Menka hakulala vizuri. Alikuwa akiamka na kumsikiliza Spase akipumua gizani, na kumhesabia kila pumzi kama zawadi.

Simu ilikuja siku ya theluji. Menka alikuwa akikanda unga wa mkate, mikono imezama mpaka vifundoni, kwa hiyo pua ikafanya tena kazi yake, kipaza sauti na vyote.

"Mko wote wawili?" aliuliza Daktari Zorica.

"Tupo," alisema Spase. Hakuketi.

"Za moshi zimelala, mzee. Na lile kundi la katikati lililoninyima usingizi limelala pamoja nazo. Zile za maradhi hazijaamka hata moja. Ulikuwa moshi. Ulikuwa moshi wa shemeji yako tu."

Spase alivua kofia, akaishika kifuani. Menka aliketi kwenye kiti chenye unga na wala hakujali. Jikoni palisikika kuni tu zikilia ndani ya jiko, na machozi ya Menka yalikuwa yakidondokea unga bila kuzuiwa na mtu.

"Sasa kuna jambo la pili," alisema daktari. "Linahusu rula."

"Ina nini?" aliuliza Spase.

"Nimepima mara mbili, nikidhani chupa zimebadilishana. Hazikubadilishana. Kwenye damu ya Mama Menka jeni za moshi zimeanza kuamka. Mama, nakuuliza kama binti yako. Unavuta?"

"Mimi?" Menka alinyanyua donge la unga kwa mikono miwili. "Naapa kwa mkate huu..."

"Huo bado unga," alisema Spase.

Alikuwa akimtazama. Menka akalitazama donge, likamning'inia vidoleni, likaanza kudondoka.

"Ni ya Done," alisema kwa sauti ndogo.

Kisha Spase akaanza kucheka. Alicheka kwa pafu moja na nusu, akashika meza, akapigapiga simu kwa furaha. "Rula imepinda, daktari! Nyani haoni kundule! Chumvi ya dukani, eh? Mwanamke huyu alinifuata kwa kitambaa machoni, akanipiga na mkoba mbele ya wafu!" Na Menka alicheka naye, hakuwa na la kufanya, huku akisikiliza kicheko kile kilivyokuwa kizima, kisicho na mluzi ndani yake.

Halafu Spase akaacha kucheka. "Ulimwashia?" aliuliza. "Wewe?"

"Wote walikuwa na moshi. Yeye alikuwa na pilipili."

"Akasemaje?"

"Akasema nakohoa kama mbuzi."

Spase aligeukia dirisha, akatazama kilima kwa muda mrefu, na mabega yake yakatikisika, na safari hii hakuwa anacheka.

"Jamani wazee wangu," ilisema simu juu ya meza, "mwambieni marehemu aache. Ni amri ya daktari."

Kesho yake walikwenda pamoja, wakishikana mikono kwa sababu ya utelezi, au ndivyo walivyomwambia Trena. Spase alifagia theluji juu ya kaburi kwa kofia yake. Menka akatoa sigara moja kwenye kopo, akaichomeka karibu na msalaba bila kuiwasha, na kando yake akaweka kibiriti, juu ya kifuniko cha bati ili kisilowe.

"Jiwashie mwenyewe, kaka," alimwambia. "Sisi tunabaki huku kidogo."